Qabale Kalicha, Mama Aliyeachwa Langoni

Salaam aleikum kwa wale wa salaam, na habari za jioni kwa wale wa habari. Wasikilizaji wapendwa, mko na mimi, Deqa Roble, na saa hii ni saa ya kuwakumbuka watu wetu. Vuta kiti. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, chakula kisiungue, kwa sababu mama ninayewaletea leo hakuwa mtu wa kusikilizwa nusu nusu.

Ijumaa iliyopita mji wetu ulimzika Qabale Kalicha. Narudia jina, maana wengi wenu mlimjua kama Mama Sadia tu. Qabale Kalicha wa Kiwanjani, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda cha ngozi cha Malka.

Vijana, najua mnaulizana, kiwanda gani tena? Pale mnapocheza mpira, ng'ambo ya ule ukuta ulioanguka, kuna mashimo marefu ya simiti yamejaa takataka. Hapo ndipo. Kabla ya takataka, mashimo hayo yalijaa chokaa. Na kando ya mashimo hayo walisimama mama zenu na nyanya zenu.

Qabale alizaliwa Korbesa, kule Merti, katika nyumba iliyokuwa na ng'ombe na ngamia. Wazee wa huko watakwambia Mzee Kalicha alikuwa mtu wa mifugo mingi. Kisha vikaja vita vya shifta, serikali na waasi wa huku kaskazini, miaka ya sitini. Mifugo ikaisha. Mingine ilipigwa risasi, mingine ilichukuliwa, mingine ilikufa kwa kufungiwa pahali hakuna malisho. Mzee Kalicha naye hakukaa sana baada ya ng'ombe wake. Qabale akashuka Isiolo kutafuta kazi, amemshika mkono mdogo wake, Dokata. Wawili tu. Mama yao alibaki Korbesa.

Hapa mjini aliolewa na dereva wa lori la ng'ombe. Wakajaliwa mtoto mmoja, Sadia. Dereva huyo alifariki ajalini, barabara ya Marsabit, Sadia akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo mwaka wa sabini na tatu, Qabale alipopata kazi Malka, alikuwa na midomo mitatu ya kulisha, wake mwenyewe ukiwa wa mwisho.

Kazi ilikuwa gani? Ngozi ilikuja mbichi, na damu, na chumvi, na nzi. Inalowekwa ndani ya shimo la chokaa mpaka manyoya yalegee. Halafu wanawake wanaivuta nje, nzito kama mtu, wanaikwangua. Wanaume walikuwa kwa mashine, na wameandikwa kazi. Wanawake walikuwa kwa mashimo, na walikuwa vibarua.

Nieleze hiyo vizuri. Kibarua wa Malka alifutwa kazi kila jioni na kuandikwa upya kila asubuhi. Mwaka unaisha, mwingine unaanza, mikono ni ileile, shimo ni lilelile, lakini kwa kampuni wewe ni mgeni uliyefika leo. Ukiugua, hakuna aliyeugua. Ukizaa, hakuna aliyezaa. Qabale alikuwa mgeni wa leo kwa miaka sita.

Dokata alipokua, naye akaingia kwa mashimo. Dada mkubwa upande huu, dada mdogo upande ule.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, lazima niwaletee mtu mwingine. Anaitwa Mungania. Alitoka upande wa Tigania, akaja Malka kijana, akawekwa kwa mapipa makubwa yanayozungusha ngozi. Alikuwa mtu wa watu. Alijifunza Kiborana mpaka akawa anatania wazee. Mke wake, Kathambi, na Qabale walikuwa majirani wa karibu. Kathambi alikuwa na binti, Kagwiria, rika moja na Sadia. Watoto wale walikula sahani moja, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Wafanyakazi walimchagua Mungania kuwa katibu wa tawi la chama chao. Ndiyo maana Qabale hakumwita jina. Alimwita "katibu". Hata kwa utani, hata wakinywa chai, katibu.

Mwaka wa sabini na nane, mvua ilikuwa imenyesha usiku, asubuhi ukingo wa mashimo ukawa na utelezi. Wanawake hawakuwa na viatu vya mpira. Walikuwa wameviomba. Dokata alivuta ngozi, ngozi ikamvuta yeye. Akaingia kichwa kwanza.

Erot, mzee wa Kiturkana ambaye wakati huo alikuwa kwa mapipa, alikuwepo. Nilimtembelea juzi. Alinisimulia hivi:

"Sisi tulisikia kelele ya wanawake. Tukasimama. Mungania hakusimama. Alikimbia, akaruka ndani ya chokaa na nguo yake. Alimtoa yule msichana kwa mkono yake mwenyewe. Miguu yake iliungua mpaka hapa, kwa goti. Mimi niliona."

Sikieni hapo. Aliyemtoa Dokata ni Mungania. Nalisema wazi, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa uchungu wa yaliyofuata.

Walihitaji maji ya kumwosha macho, na maji yalihitajika papo hapo. Bomba lilikuwa upande wa ofisi, mbali. Mpaka maji yafike, macho yalikuwa yamekwisha. Dokata Kalicha, msichana ambaye hata hajaolewa, hakuona tena.

Qabale alikwenda kwa meneja. Aliomba kampuni imtunze mdogo wake. Meneja alikuwa na adabu zake, alimkaribisha kiti. Kisha akamwambia, "Mama, pole sana. Lakini huyo si mfanyakazi wetu. Sisi hatumjui." Dokata, aliyekwangua ngozi zao tangu utoto wake haujaisha, hatumjui.

Qabale alitoka pale, akaenda moja kwa moja kwa mapipa. Mungania alikuwa amerudi kazini, miguu imefungwa vitambaa. Sadia ameyasikia mazungumzo hayo kwa mamake mara nyingi mpaka anayajua kwa moyo.

"Katibu, wanasema hawamjui Dokata."

"Watamjua, Mama Sadia. Tutafanya watujue wote."

"Na wakikataa?"

"Tunagoma."

"Mgomo umekatazwa na serikali."

"Najua. Wewe unaogopa?"

"Naogopa. Wewe?"

"Mimi pia."

"Haya basi," Qabale akasema. "Tuogope pamoja."

Ilichukua miezi kujipanga. Walikutana Kiwanjani, uani kwa Qabale, mchana wa Jumapili, wanaume wa mashine na wanawake wa mashimo pamoja. Hilo lenyewe lilikuwa jambo jipya. Kabla ya hapo mtu wa mashine hakuona kama ana shida moja na mama wa shimo. Qabale ndiye aliyewaambia. Aliwaambia, ninyi mmeandikwa kwa sababu sisi hatujaandikwa. Kampuni ikitaka kuwatisha, inawaonyesha sisi. Erot ananiambia ilikuwa mara yake ya kwanza kufikiri jambo hilo, na kwamba lilimkosesha raha siku nzima.

Walikubaliana mambo matatu tu. Bomba la maji kando ya mashimo. Viatu na glavu kwa kila mtu. Na vibarua wote waandikwe kazi, Dokata akiwa wa kwanza. Mungania alisimama katikati ya ua ule, akaapa mbele ya wote. Wakristo walileta Biblia, Waislamu wakaleta Msahafu, na yeye akaweka mkono wake kwa Biblia, akasema, "Hakuna atakayerudi ndani kabla ya vibarua kuandikwa. Na siku hiyo mimi nitakuwa mtu wa mwisho kuingia lango lile."

Mwaka wa sabini na tisa, wakatoka.

Wasikilizaji, wale mliokuwa hapa mnakumbuka. Mji wote ulikuwa umegoma, hata wasiofanya kazi Malka. Wajomba wa Qabale walileta mbuzi kwa miguu kutoka Korbesa. Kathambi na kina mama wa Kimeru walileta mahindi, maharage na ndizi. Sufuria moja kubwa ilikaa nje ya lango, kila mtu anapakua. Wenye maduka waliwapa sukari. Polisi walikuja, wakasimama, wakaondoka, wakarudi. Ngozi mbichi zilioza ndani, na harufu ikafika mpaka ofisi za serikali. Mama mmoja aliniambia, "Ile harufu ilikuwa inatupigania."

Baada ya wiki kadhaa, makao makuu ya chama, Nairobi, yakamwita katibu. Aje azungumze na wenye kampuni. Mungania akaenda. Qabale alimsindikiza mpaka stendi, akamfungia mahamri ya njiani kwa kitambaa.

Alikaa huko siku nyingi kuliko walivyotarajia. Kisha akarudi, na alirudi ndani ya gari la meneja.

Hapo watu wangejiuliza. Hawakujiuliza. Walikuwa wamechoka na walikuwa wanampenda. Alipanda juu ya jiwe, akainua mikono, akasema, "Tumeshinda! Jumatatu tunarudi kazini!" Watu walilia. Watu walicheza. Qabale alimkumbatia, yeye mjane, mbele ya wazee, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi. Akamuuliza sikioni, "Na vibarua?" Mungania akajibu, "Kila kitu kiko sawa, Mama Sadia. Njoo Jumatatu."

Jumatatu asubuhi Qabale alivaa nguo yake ya Idd. Alimvisha Dokata pia, akamshika mkono, wakaenda. Alitaka mdogo wake awepo wakati wa kuandikwa.

Lango lilikuwa limefungwa. Mungania alikuwa upande wa ndani. Mungania alikuwa ndani, na aliapa kuingia wa mwisho.

Akaanza kuita majina. Hakuwa na karatasi. Hakuhitaji. Aliwajua watu wake wote, majina yao na ya baba zao, kwa sababu ni yeye aliyewakusanya. Aliita wa mapipa. Lango likafunguliwa kidogo, mtu akapita, likafungwa. Akaita wa mashine ya kukata. Akaita mafundi. Akaita walinzi. Mmoja mmoja. Na kila aliyeitwa alipita mbele ya Qabale na Dokata.

Mzee Erot ananiambia, "Jina yangu iliitwa. Nilikuwa na watoto. Niliingia. Nilipita karibu naye hivi, leso yake ilinigusa mkono. Hakusema kitu. Ningependa angesema kitu."

Kisha majina yakaisha. Nje walibaki wanawake wa mashimo peke yao. Vibarua wote. Hakuna hata mmoja aliyeitwa.

Qabale akasogea kwenye vyuma vya lango.

"Katibu, umesahau wengine."

"Mama Sadia, nenda nyumbani."

"Dokata yuko hapa. Nimekuja naye."

"Nimemwona. Nenda nyumbani, tafadhali."

"Wewe mtu uliapa kwangu. Ndani ya ua wangu."

Mungania akageuka, akatembea kuelekea ofisini. Wote waliona anakwenda mlango upi. Mlango wa meneja wa wafanyakazi. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Na familia yake ikahamia nyumba ya kampuni, yenye maji ndani.

Kwa nini alifanya hivyo? Nimeuliza watu wengi. Wengine wanasema ni ile nyumba. Wengine wanasema huko Nairobi alikamatwa, akatishwa, na aliporudi alikuwa na alama mgongoni. Sina hakika. Sadia alimuuliza mamake jambo hilo akiwa mtu mzima. Aliniambia hivi: "Nilimwambia, Ayyo, mama yangu, labda walimtesa. Mama akaniambia, kama walimtesa angeniambia. Mimi ningemwosha huo mgongo. Mimi pia nilikuwa naogopa, tulikuwa tumekubaliana kuogopa pamoja. Alichofanya ni kwenda kuogopa peke yake, halafu akaniacha nje na mdogo wangu kipofu."

Wiki hiyohiyo polisi walimchukua Qabale akiwa anapika. Kosa: kuchochea mgomo ulio kinyume cha sheria. Mahakamani shahidi alikuwa Mungania. Aliulizwa, nani aliyeanzisha mgomo? Akanyoosha kidole, akasema, "Ni huyu mama." Akaulizwa, ni mwanachama wa chama chako? Akajibu, "Hapana. Vibarua si wanachama." Wasikilizaji wapendwa, kila kibarua wa Malka alikuwa akitoa mchango wa chama mwisho wa mwezi. Na mkono uliokuwa ukiupokea ni uleule ulionyooshwa kizimbani.

Qabale akafungwa, kule Meru. Sadia alipelekwa Korbesa kwa nyanya yake. Dokata alibaki hapa Kiwanjani, akila kwa majirani, akijifunza kutembea na fimbo.

Mtu mmoja alikwenda kumwona jela. Alikuwa Kathambi, mke wa Mungania. Alichukua gari bila kumwambia mumewe, akabeba sabuni na mafuta ya kupaka. Mama Kathambi bado yu hai, na alikubali tutumie maneno yake.

"Nilimwambia, Mama Sadia, naapa mimi sikujua. Akaniangalia, akasema, Mama Kagwiria, najua hukujua. Lakini ukitoka hapa unarudi kulala kwa ile nyumba. Alichukua sabuni, akanishukuru. Mafuta akanirudishia."

Qabale alipotoka jela, hakuna mwajiri mjini aliyemtaka. Alianza kuuza chai na chapati kwa mnada wa mifugo. Ukame wa themanini na nne ulipokuja, watu wa Korbesa wakaja tena mjini mikono mitupu, kama yeye miaka ile, na wengi walikula chapati yake ya kwanza bila kulipa. Hakuzungumza habari za Malka. Na waliopita lile lango walikunywa chai kwake. Aliwamiminia. Hakuwatazama usoni.

Halafu ikafika themanini na saba. Miaka hiyo tuliambiwa uchumi unarekebishwa. Neno zuri, kurekebisha. Kwa mji kama wetu lilimaanisha hivi: ngozi ziuzwe mbichi nje ya nchi, kiwanda kifungwe, mashine ziuzwe. Wenye Malka walitangaza kwamba wanafunga. Wafanyakazi walioandikwa hawakuambiwa watapata nini. Meneja wa wafanyakazi, Bwana Mungania, naye alipewa taarifa siku ileile na wengine. Nyumba yenye maji aihame.

Nao wakafanya nini? Wakaja Kiwanjani. Wote. Wa mapipa, wa mashine, mafundi. Walijaa uani kwa Qabale, ua uleule, wakasema, "Mama Sadia, tuongoze."

Sadia alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Anakumbuka mamake alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda. Kisha akasema, "Mimi sina neno. Muulizeni Dokata."

Dokata alikuwa ameketi kwenye mkeka, mlangoni. Walimwendea, wakainama, wakaomba radhi. Wengine walilia. Wengine waliona aibu, wakaondoka kimya kimya. Mwisho akaja Mungania. Hakuwa amealikwa, alisimama nyuma ya wote. Watu wakampisha.

"Dokata," akasema, "ni mimi."

Dokata akasema, "Najua ni wewe. Ulinitoa kwa shimo. Nimekuombea kwa Mungu kila siku kwa sababu ya hiyo. Sasa niambie, kwa nini ulinirudisha?"

Mungania akageuka, akatoka uani, na hakurudi.

Qabale akanawa mikono. Akawaambia waliobaki, "Nitakuja. Lakini mashimo na mashine ni kitu kimoja. Anayetaka vingine, aseme sasa." Hakuna aliyesema.

Siku iliyofuata walikaa chini barabarani, mbele ya malori yaliyokuja kubeba mashine. Wanawake wa mashimo, wengine sasa wana wajukuu, walikaa pamoja na wanaume wa mapipa. Qabale alikuwa mbele, na Dokata kando yake. Madereva walizima injini. Ofisa wa leba, yule wa mambo ya kazi, akaja. Watu wa kampuni wakaja. Mazungumzo yakaenda mpaka alasiri. Kisha ikatoka ahadi: walioandikwa kazi watalipwa haki yao ya kuachishwa, waje ndani waweke sahihi. Vibarua hawamo.

Wasikilizaji wapendwa, najua mnajua. Na mimi nilipokuwa nikisikiliza kisa hiki nilijua, lakini bado nilikuwa naomba isiwe.

Mtu wa kwanza akainuka, akapangusa vumbi suruali yake. Wa pili. Kisha wakaanza kuinuka wawili wawili. Hawakukimbia. Mmoja alimwambia Qabale, "Nisamehe, mama, mtoto yuko shule." Mwingine akasema watarudi wakishaweka sahihi.

Mwanamume mmoja tu hakuinuka. Alikuwa Erot. Jina lake liliitwa mara mbili kutoka ndani. Alikaa. Alipoteza haki yake yote, na ilikuwa ya miaka mingi. Nilipomuuliza sababu, alicheka kidogo, akasema, "Nilikuwa nimeingia mara moja. Ilitosha."

Malori yalipita saa za jioni. Askari waliwabeba wanawake mmoja mmoja na kuwaweka kando ya barabara. Mashine zikaenda. Vibarua wa Malka hawakupata bomba, hawakupata viatu, hawakuandikwa, na mpaka leo hakuna popote palipoandikwa kwamba waliwahi kufanya kazi pale.

Mwaka uliofuata, themanini na nane, ulikuwa mwaka wa kura ya mlolongo. Mnakumbuka, mtu anasimama na watu wanapanga foleni nyuma yake. Mungania alisimama udiwani. Na katika kampeni zake, mbele ya umati, alikuwa akikunja suruali na kuonyesha makovu ya miguu yake. Anasema, "Mimi ni mtu wa wafanyakazi. Mimi ndiye niliyeruka ndani ya chokaa nikamtoa msichana." Watu walipiga makofi. Hakusema jina la msichana. Hakusema kilichofuata. Siku ya kura foleni yake ilikuwa ndefu, na ndani yake walikuwemo watu waliowahi kula kwenye ile sufuria ya langoni. Akawa diwani.

Sadia anasema siku hiyo mamake hakutoka. Alipasha maji, akamwosha Dokata nywele uani, akazisuka polepole. Kelele za ushindi zilipopita barabarani, Dokata aliuliza, "Ni nani ameshinda?" Qabale akamwambia, "Tulia, nisikuvute nywele."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alisomesha Sadia kwa chai ile. Erot alimchotea maji ya biashara mpaka alipozeeka. Mara nyingi watu walimwomba asimame kwa siasa, na alikataa. Lakini mahali popote mjini vibarua walipokuwa na taabu, iwe ni wabeba mizigo, iwe ni wasichana wa kufunga miraa, walimwendea, naye aliwauliza swali moja kabla ya kuwapa kiti: "Wale walioandikwa, wako wapi? Mbona mmekuja peke yenu?"

Katika ugonjwa wake wa mwisho, Sadia alimuuliza kama amemsamehe Mungania. Jibu lake nalisoma kama nilivyopewa. "Hajaniomba. Siwezi kumpa mtu kitu ambacho hajaja kuchukua."

Wasikilizaji, nilimtafuta Mungania. Ni mzee sasa, yuko upande wa Tigania. Simu aliipokea mwenyewe. Nilimsalimu, akanisalimu vizuri. Nilipotaja jina la Qabale Kalicha, nilisikia anapumua. Nikangoja. Kisha simu ikakatika, na nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Kwa niaba ya kituo hiki na kwa niaba yangu, nampa pole Sadia, watoto wake, na jamaa wote wa Korbesa. Nampa pole Mzee Erot. Nampa pole Bi Dokata, aliyebaki bila mkono aliokuwa akiushika. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Ombi langu kwenu ni hili. Kesho mkifika kazini, wewe uliyeandikwa, mwangalie kibarua aliye kando yako. Amekaa hapo miaka mingapi? Jina lake unalijua? Siku lango likifunguliwa kidogo, wewe peke yako ukaitwa, utafanya nini? Usijibu haraka. Waliopita pale Malka hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto, kama wewe.

Na najua baadhi yao wananisikiliza sasa hivi. Matanga bado yapo Kiwanjani, nyumba ya marehemu, nyuma ya msikiti. Hamjachelewa. Mtakapofika, tajeni majina yenu mkiwa bado mlangoni. Bi Dokata haoni, na angependa kujua ni nani aliyekuja.